Sigara ndani ya nganda: hesabu zinazosemwa na hesabu zenyewe

Mtu akigusia tu habari ya kukataza sigara ndani ya nganda (baa) za Lubumbashi, patroni anatoa hesabu: anayevuta ndiye anayekaa sana, anayekaa sana ndiye anayeagiza bia ya Simba ya tatu, haya mfukuze uone. Hofu hiyo si ya kijinga. Mtu anayelipa pango, bia na wahudumu kwa mauzo ya Ijumaa na Jumamosi hana nafasi ya kufanya majaribio. Lakini mengi yanayotajwa katika ubishi huu yalitengenezwa mbali sana na mtaa wa Kamalondo.

"Walikokataza, mauzo yalishuka kwa asilimia 30."

Asilimia 30 hii ina kwao. Mwaka 1987 mji wa Beverly Hills, California, ulikataza kuvuta sigara katika migahawa. Papo hapo kikajitokeza chama cha wenye migahawa, kikapiga kelele kwamba biashara imepungua kwa asilimia 30, na baada ya miezi michache sheria ikalegezwa. Watafiti walipokuja kufungua rekodi za kodi ya mauzo, anguko hilo hawakulikuta. Mwaka 1994 Barry Fogel, aliyekuwa kiongozi wa chama hicho, aliliambia baraza la mji wa New York kwamba kabla ya sheria hapakuwa na chama chochote cha namna hiyo; ni wenye tumbaku waliokipanga. Wakati huo namba ilikuwa imeshatembea mji hadi mji.

Mwaka 2003 zilikusanywa tafiti 97 kuhusu jambo hili. Zile zilizofanywa kwa uangalifu, zikilinganisha rekodi za kabla na za baada, hazikuona hasara. Nyingine ziliona hata ongezeko dogo. Zilizosema biashara imeumia, karibu zote zilikuwa na pesa ya tumbaku nyuma yake, na nyingi ziliwauliza wenye biashara wanaonaje. Muulize patroni aliyekasirika ameuza kiasi gani, atakujibu kwa moyo, si kwa daftari.

New York yenyewe ilikataza mwaka 2003, na katika miezi iliyofuata kodi zilizotoka kwenye baa na migahawa zilipanda kwa asilimia 8.7. Mimi nisingeipa sheria sifa yote hiyo, maana mji ulikuwa bado unajiinua baada ya mashambulizi ya 2001. Ila kuanguka hakukuwapo.

Na kwetu? Nganda nyingi haziandiki mauzo popote. Kwa hiyo yeyote atakayekuletea asilimia za Lubumbashi, awe upande wa sigara au wa marufuku, muulize kwanza amezihesabia wapi.

"Wateja watahama."

Wahame waende wapi, kama sheria ni ya nganda zote? Halafu watu wazima wengi nchini hawavuti, na kati ya wanawake wavutaji ni wachache sana. Tena marufuku inahusu ndani. Hapa watu wanapenda kukaa nje, viti vya plastiki uani, karibu na jiko la michopo. Anayetaka sigara anasogea hatua chache, chupa yake inabaki mezani. Shida inaanza mvua zikifika, watu wote wakijazana chini ya paa.

"Nitaweka feni."

Feni inasukuma moshi kutoka meza hii kwenda ile. Ripoti ya mganga mkuu wa serikali ya Marekani ya mwaka 2006 ilisema wazi: kutenga wavutaji na kupitisha hewa hakuwezi kumkinga kikamilifu asiyevuta. Na hiyo ni mahali ambapo umeme haukatiki. Anayetegemea umeme wa SNEL amalizie mwenyewe hesabu hiyo.

"Moshi ni wa anayevuta, wengine hauwahusu."

Ayalandi ilikataza kuvuta katika baa zote Machi 2004. Watafiti wakapima mate ya wahudumu wa baa wasiovuta, kutafuta alama ya nikotini: ilipungua kwa asilimia 80. Ayalandi ya Kaskazini, ambako sheria ilikuwa haijafika, ilipungua kwa asilimia 20 tu. Mteja anaweza kuondoka; binti anayebeba chupa mpaka usiku wa manane hawezi.

"Ni sheria ya wazungu."

Kongo ni mwanachama wa mkataba wa Shirika la Afya Duniani kuhusu tumbaku tangu 2006. Kifungu cha 8 kinataka watu wakingwe na moshi katika sehemu za kazi za ndani. Uganda, Rwanda na Kenya wana sheria zao. Wala kifungu hicho hakikatazi kuuza: mwenye meza ya sigara nje ya nganda haguswi nacho.

Kuna malalamiko mawili ambayo siwezi kuyaita dhana potofu. La kwanza ni la mwenye chumba kimoja kinachotazama barabara, bila ua: mteja wake akitoka kuvuta anasimama njiani, pengine na bili hajalipa. La pili ni la sheria inayobagua. Ayalandi baa zote zilianza siku moja. Hapa mkaguzi akipita kwa wadogo tu, anachukua madeso (hongo) yake na kuiruka hoteli kubwa, basi aliyetii ndiye atakayepoteza wateja, na hasara yake itatoka kwa mkaguzi huyo, si kwa kukosekana kwa moshi.