Kumbukumbu Hubaki, Makali Yake Hupungua: Tiba ya Miondoko ya Macho

Wengi wanaofika kwangu hapa Nakuru wakiulizia tiba ya miondoko ya macho, ambamo mteja hukumbuka tukio lililomuumiza huku akisogeza macho kushoto na kulia, hutarajia kwamba nitawasahaulisha. Miongoni mwao kuna waliofiwa na kufukuzwa makwao katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, kuna walionusurika ajali za barabara ya Salgaa, na kuna waliodhulumiwa utotoni na watu wa nyumba zao. Wote nawaeleza kwanza kwamba yaliyowapata wataendelea kuyakumbuka, ila mwili utaacha kuyapokea kana kwamba yanatokea sasa hivi.

Mwanamke mmoja niliyemhudumia, ambaye mambo ya kumtambulisha nimeyabadilisha, alikuwa bado akitokwa na jasho viganjani kila aliposikia breki za lori, ingawa ajali ilikuwa imepita miaka mingi. Alijua fika kwamba ameketi jikoni kwake, lakini moyo ulimwenda mbio vilevile.

Tiba hii ya miondoko ya macho ilianzishwa na mwanasaikolojia wa Marekani, Francine Shapiro, aliyetambua mwaka 1987 kwamba mawazo yaliyomsumbua yalipungua uzito macho yake yalipokwenda huku na huku. Utafiti wake wa kwanza ulichapishwa mwaka 1989. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa watu wazima na watoto wenye maradhi ya msongo yatokanayo na kiwewe.

Tiba ina hatua nane, na mteja haanzi kusogeza macho kwa ajili ya kumbukumbu yenyewe mpaka hatua ya nne. Nalisisitiza hili kwa sababu maandalizi ndiyo yanayomlinda: nataka kujua historia yake, nani yuko naye nyumbani, na kama anaweza kujituliza hofu inapompanda. Asiyeweza bado, tunakaa hapo hata wiki kadhaa, na sioni haya kumchelewesha.

Siku ya kazi yenyewe, yule mama alichagua picha iliyomuumiza zaidi, akataja wazo lililoambatana nayo, kwamba yeye ndiye aliyestahili kufa, kisha akaipa hofu yake alama tisa kati ya kumi. Nilisogeza vidole viwili mbele ya uso wake, kushoto na kulia, kwa takriban nusu dakika, naye akavifuata kwa macho bila kugeuza kichwa. Nilimwambia avute pumzi, nikamuuliza, "Sasa kuna nini?" Alijibu kwamba anasikia harufu ya dizeli, baada ya mzunguko mwingine akasema kifua kinambana, na baadaye sana, huku analia, akasema kuna mtu aliyekuwa amemshika mkono pale kando ya barabara, jambo ambalo hakuwa amelifikiria tangu siku ile.

Wengine huniuliza kama huku ni kupumbazwa akili. La hasha, mteja yuko macho wakati wote, na akiinua mkono tu ninasimama. Wala halazimiki kunisimulia kila kitu, na kwa waliobakwa, ambao aibu imewafunga midomo, naona hiyo ndiyo fadhila yake kubwa.

Wataalamu bado wanabishana kuhusu kinachoponya hasa. Maelezo yenye ushahidi mzuri ni kwamba akili ina nafasi ndogo ya kushika mambo kwa wakati mmoja, hivyo picha inayokumbukwa huku macho yakifanya kazi hupoteza ukali wake. Wengine hushikilia kwamba macho huongeza kidogo tu juu ya nguvu ya kuikabili kumbukumbu yenyewe.

Kabla ya kuanza, muulize mtaalamu wako kama amesomea mbinu hii na kama amesajiliwa chini ya Sheria ya Kenya ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014. Mwambie mapema kama una kifafa, ugonjwa wa macho, au vipindi vya kupotewa na fahamu. Siku mbili tatu baada ya kikao unaweza kuota ndoto nzito au kulia bila kutarajia. Ziandike kwenye daftari uje nazo, na zikikulemea piga simu kabla ya miadi.