Vibandiko vya kwenye boksi: nyonga yako mpya inavyokumbukwa na sajili ya taifa

Kila nikimaliza kubadilisha nyonga ya mgonjwa, kabla hajatolewa chumba cha upasuaji, kuna kazi moja ndogo ninayoisimamia mwenyewe. Muuguzi anabandua vibandiko kutoka kwenye maboksi ya vipande tulivyotumia: kikombe kilichokaa kwenye nyonga, bitana yake ya plastiki, kichwa cha mviringo, shina lililozama ndani ya mfupa wa paja, na pakiti ya saruji ya mifupa kama tumeitumia. Kila kibandiko kina jina la mtengenezaji, namba ya bidhaa na namba ya toleo la kiwandani. Kimoja kinabaki kwenye faili la mgonjwa. Taarifa hizohizo zinaingizwa kwenye sajili ya taifa ya viungo bandia, pamoja na umri wa mgonjwa, jinsia, hali yake ya afya, sababu ya upasuaji, upande uliofanyiwa kazi, aina ya ganzi, na jina la daktari aliyeshika kisu.

Wagonjwa wengi wanaikumbuka sajili hii kama karatasi moja waliyosaini kati ya nyingi asubuhi ya upasuaji. Nawaelewa. Ukiwa umefunga tangu usiku na moyo unadunda, nani anasoma maelezo ya takwimu? Ndiyo maana naandika haya leo, mkiwa mmetulia.

Swali ninaloulizwa kuliko yote kliniki ni hili: "Daktari, hili goti litadumu miaka mingapi?" Ni swali la haki, na ukweli ni kwamba kwa uzoefu wangu peke yangu nisingeweza kulijibu. Chukua mfano wa daktari anayebadilisha nyonga 150 kwa mwaka. Tuseme aina moja ya kiungo huhitaji kufumuliwa na kuwekwa upya kwa wagonjwa 2 kati ya 100 ndani ya miaka mitano, na aina nyingine kwa wagonjwa 6 kati ya 100. Kwa mgonjwa, tofauti hiyo ni kubwa mno. Kwa daktari, ni watu wachache waliotawanyika katika miaka mitano, na si wote watakaorudi kwake. Mmoja amehamia mji mwingine. Mwingine amekata tamaa naye, akaenda kwa daktari mwingine. Wa tatu ni mzee sana, anavumilia maumivu nyumbani. Wanaorudi kunishika mkono ni wale wanaotembea vizuri, na mimi nikiwatazama hao tu nitaamini kabisa kwamba kila ninachokiweka ni kizuri. Hilo si suala la uaminifu wa daktari. Hata mwaminifu kuliko wote haoni asichoonyeshwa.

Wasweden ndio waliolishughulikia hili mapema kitaifa. Walianza na sajili ya magoti mwaka 1975, ikafuata ya nyonga mwaka 1979. Finland walianza 1980, Norway 1987. Kanuni yake ni rahisi ajabu: kila raia ana namba yake ya utambulisho, na kila upasuaji wa kiungo, wa kwanza na wa marudio, unaandikwa chini ya namba hiyo. Goti likiwekwa kaskazini mwa nchi na likafumuliwa kusini miaka tisa baadaye na daktari mwingine kabisa, rekodi mbili zinakutana. Sajili pia huunganishwa na kumbukumbu za vifo, kwa sababu mtu aliyefariki kwa ugonjwa mwingine huku nyonga yake ikiwa imara hawezi kuhesabiwa kama mtu ambaye nyonga yake imeshindwa, wala hawezi kuendelea kuhesabiwa kana kwamba bado anaitembelea.

Kwa hiyo leo mgonjwa akiniuliza swali la miaka, nina la kumwambia. Mwaka 2019 jarida la The Lancet lilichapisha tafiti mbili zilizojumlisha takwimu za sajili zenye kumbukumbu za muda mrefu. Kati ya nyonga 100, takriban 58 zilidumu miaka 25. Kati ya magoti 100 yaliyobadilishwa yote, takriban 82, na yale ya nusu, ambako tunabadilisha upande mmoja tu uliosagika, takriban 70. Huwa naongeza neno moja hapo: hizo ni nyonga na magoti yaliyowekwa zaidi ya robo karne iliyopita. Plastiki za sasa ni ngumu zaidi kulika. Lakini sitakuahidi namba ambayo muda haujaithibitisha.

Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya kiungo kipya na kiungo bora, na historia yetu ina makovu ya kuchanganya hayo mawili.

Mwaka 1991 iliingia sokoni Uingereza nyonga iliyoitwa Capital, ya kampuni ya 3M. Ilifanana na miundo iliyokuwa ikiaminika, na bei yake ilikuwa nafuu. Ilichukua hadi mwaka 1998 kwa mamlaka za afya kutoa tahadhari kwamba inalegea mapema mno, na wakati huo ilikuwa tayari ndani ya wagonjwa zaidi ya 4,000. Kisha ikaja kazi ya kuwatafuta. Hapakuwa na orodha moja ya taifa. Hospitali moja moja zilipekua madaftari ya vyumba vya upasuaji na mafaili ya miaka iliyopita, zikijaribu kujua nani aliwekewa nini. Aibu hiyo ilichangia sana kuzaliwa kwa sajili ya Uingereza na Wales mwaka 2003, ambayo leo ina rekodi zaidi ya milioni 3.

Linganisha na Norway. Mwaka huohuo, 1991, ilianza kutumika huko saruji mpya ya mifupa iitwayo Boneloc. Wazo lake lilikuwa zuri: joto kidogo wakati inaganda, na kemikali chache zinazobaki. Sajili yao ikaonyesha kwamba viungo vilivyoshikizwa kwa saruji hiyo vinalegea kuliko vya saruji za kawaida, na kufikia mwaka 1995 ilikuwa imeondolewa. Ni miaka minne tu, na kila aliyewekewa alikuwa anajulikana kwa namba.

Mfano ambao huenda umeusikia ni wa nyonga za chuma kwa chuma, ambako kichwa na kikombe vyote ni vya chuma. Zilisifiwa kwamba zingedumu kwa vijana na watu wanaopenda michezo. Kumbe vyuma vilivyosuguana vilimwaga chembechembe za kobalti na kromiamu ambazo, kwa baadhi ya wagonjwa, ziliharibu misuli na nyama zilizozunguka kiungo. Nyonga ya ASR ya kampuni ya DePuy ilianza kuonekana na kasoro kwenye sajili ya Australia mwaka 2007. Iliondolewa kwenye soko la nchi hiyo mwishoni mwa 2009, na Agosti 2010 ikarudishwa kiwandani dunia nzima, ikiwa imeshawekwa kwa watu takriban 93,000. Mwaka 2012 watafiti wakatumia rekodi za zaidi ya nyonga 400,000 za sajili ya Uingereza na Wales kuonyesha kwamba tatizo halikuwa la ASR peke yake. Nyonga za chuma kwa chuma zenye shina zilishindwa mapema kuliko nyingine, na kadiri kichwa kilivyokuwa kikubwa ndivyo hali ilivyokuwa mbaya zaidi, hasa kwa wanawake.

Zingatia kwamba sajili ilifanya kazi mbili hapo. Ya kwanza ni kugundua. Ya pili, ambayo mgonjwa anaihisi moja kwa moja, ni kumpata. Mtu aliyewekewa nyonga ya aina hiyo aliweza kuitwa kwa jina, akapimwa damu kuona kiwango cha chuma, akapigwa picha, akafuatiliwa hata kama alikuwa bado hasikii maumivu yoyote. Tatizo likigunduliwa kabla nyama hizo hazijaharibika sana, upasuaji wa marudio unakuwa na matumaini zaidi.

Sasa nirudi kwenye vibandiko, maana watu huniuliza kwa nini nakazania namba ya bidhaa wakati jina la kiungo tayari limeandikwa. Mwishoni mwa mwaka 2022 kampuni ya Zimmer Biomet iliondoa sokoni kipande fulani cha goti lake la NexGen, kile kinachokaa juu ya mfupa wa muundi. NexGen ni familia kubwa ya magoti, na kwa ujumla matokeo yake yalikuwa mazuri. Ndiyo sababu kasoro ya kipande kimoja, hasa kikiunganishwa na aina fulani ya sehemu ya juu ya goti, ilijificha kwa miaka ndani ya wastani wa familia nzima. Ilionekana pale sajili ya Uingereza ilipochambua kipande kwa kipande. Jina la familia lisingetosha. Namba ndogo za kwenye kibandiko ndizo zilizotoboa siri.

Sajili haipimi viungo tu. Inatupima na sisi. Kila mwaka napata ripoti yangu: mchoro wenye mistari inayoonyesha mipaka inayotarajiwa, na nukta moja ambayo ni mimi. Mwaka mmoja nukta yangu ya magoti ilikuwa ndani ya mipaka bado, lakini ilikuwa inapanda. Nilikaa na mwenzangu tukapitia faili moja baada ya jingine. Tatizo lilikuwa kwenye magoti ya nusu. Nilikuwa nayafanya mara chache mno kwa mwaka, na takwimu za sajili zimeonyesha waziwazi kwamba daktari anayefanya machache ana marudio mengi kuliko anayeyafanya mara kwa mara. Ilinichoma, sitaficha. Tangu hapo wagonjwa wanaofaa goti la nusu nawapeleka kwa mwenzangu huyo, ambaye ndiyo kazi yake ya kila wiki. Bila ile nukta, ningeendelea vilevile, nikiwa na dhamiri safi kabisa.

Kuna jingine ambalo wagonjwa hulipenda kwa sababu linagusa hofu yao halisi, ile ya kutoamka. Uchambuzi wa sajili ya Uingereza na Wales uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba vifo ndani ya siku 90 baada ya kubadilishwa nyonga vilishuka kutoka asilimia 0.56 mwaka 2003 hadi asilimia 0.29 mwaka 2011. Miongoni mwa mambo yaliyoambatana na vifo vichache ni ganzi ya mgongo, na njia za kuzuia damu kuganda miguuni. Nikikushauri ganzi ya mgongo badala ya usingizi kamili, sehemu ya sababu yangu inatoka kwenye fomu za watu waliokutangulia kulala kwenye meza hiyo.

Lazima niseme pia kile ambacho sajili haioni vizuri. Kipimo chake kikuu ni marudio: kiungo kimefumuliwa au hakijafumuliwa. Mtu anayechechemea kwa maumivu lakini ameamua hataki tena kisu, kwenye hesabu hiyo anaonekana amefanikiwa. Uingereza walianza mwaka 2009 kuwauliza wagonjwa wenyewe, kabla na baada ya upasuaji, kuhusu maumivu, kupanda ngazi, kuvaa soksi, kuingia kwenye gari, na majibu hayo sasa husomwa sambamba na takwimu za marudio. Ukitumiwa dodoso kama hilo tafadhali lijaze, hata kama uko mzima. Na usisome namba za marudio bila kuuliza maana yake. Goti la nusu, kwa mfano, hurudiwa zaidi, na moja ya sababu ni kwamba ni rahisi kuligeuza kuwa goti kamili, hivyo madaktari hawasiti. Wakati huohuo, madhara makubwa ya siku za mwanzo ni machache kuliko ya goti kamili. Mgonjwa mwenye moyo dhaifu anaweza kwa busara kabisa kuchagua goti lenye namba ya marudio iliyo juu.

Kuhusu faragha: nchi nyingine huomba ridhaa yako kwa maandishi, nyingine hukuarifu na kukupa haki ya kukataa. Ripoti zinazochapishwa hazina majina ya wagonjwa. Ukikataa, matibabu yako hayabadiliki hata kidogo. Nakuomba tu ujue unachokikosa: siku kiungo cha aina yako kikitiliwa shaka, jina lako halitakuwa kwenye orodha ya wanaoitwa.

Wengine hudhani jambo hili ni la nchi zenye upasuaji wa maelfu kwa maelfu. Malawi ilianzisha sajili yake ya taifa ya viungo bandia mwaka 2005, wakati idadi ya upasuaji huo nchini ilikuwa ndogo sana. Naiona hiyo ndiyo hekima: anza kuandika ukiwa na wachache, ambapo kila mmoja bado anaweza kupatikana.

Ukiwa unajiandaa kubadilishwa nyonga au goti, muulize daktari wako anakusudia kuweka kiungo gani, kimetumika kwa miaka mingapi, na sajili zinasemaje kuhusu marudio yake baada ya miaka 10. Muulize pia yeye mwenyewe hufanya mangapi ya aina hiyo kwa mwaka. Si utovu wa adabu. Na kama unapotibiwa hakuna sajili, omba nakala ya vibandiko kabla hujaruhusiwa kwenda nyumbani. Vipige picha, mpe ndugu mmoja picha hizo azitunze, na nakala ya karatasi uiweke pamoja na vyeti vyako. Nimewahi kufungua nyonga ya mzee mmoja ambayo hakuna aliyejua ni ya aina gani. Kichwa kilikuwa kimelika, shina lilikuwa bado imara, na kama tungejua aina yake tungebadilisha kichwa peke yake. Ilibidi tuling'oe shina lote kutoka kwenye mfupa, kazi ya saa tatu zaidi.