Duka la midoli linalotisha mchezoni: dhana na ukweli

Katika michezo ya kuigiza wahusika, mchezeshaji husimulia kisa mezani na kila mchezaji huamua mhusika wake afanye nini. Wachezeshaji wengi wakitaka duka la midoli litishe, hukimbilia damu. Mdoli ana kisu, muuzaji anacheka cheko la kichawi, wachezaji wanachomoa panga na kurusha dadu. Vita inakwisha, na hakuna aliyeogopa.

Hofu ya mdoli huletwa na shaka. Mwaka 1906 daktari wa akili wa Ujerumani, Ernst Jentsch, aliandika kuwa mtu huingiwa na woga wa namna yake anaposhindwa kujua kama kitu kilicho mbele yake kina uhai. Mwaka 1970 Mjapani Masahiro Mori, mtaalamu wa roboti, alieleza kwamba kitu kinavyozidi kufanana na binadamu ndivyo tunavyokipenda, mpaka kinapobakiza kidogo tu. Hapo kinatuchukiza ghafla, na kikijongea ndiyo kabisa. Basi mnyang'anye mdoli kisu. Mwambie mchezaji kuwa kiganja alichokishika kina joto, halafu nyamaza.

Wengine huamini duka lazima liwe la Ulaya, na theluji dirishani. Kwa nini, na mezani tumekaa watu wa Dar? Liweke katika mji wako wa kubuni, uchochoro uliobanana kama wa Kariakoo, midoli ya plastiki ikining'inia mlangoni ndani ya mifuko. Gari la waya linatoka chini ya meza lenyewe na kusimama mguuni kwa mchezaji. Magurudumu yake yamekatwa kutoka kwenye kandambili aliyoipoteza utotoni.

Dhana inayoniuma kuliko zote ni kwamba kila sanamu ya mti ni uchawi. Nimeona mwana hiti wa Wazaramo, wenyeji wa jiji hili, akipangwa rafuni kama makao ya jini. Mwana hiti ni sanamu ndogo, kiwiliwili kisicho na mikono wala miguu. Mwali aliyewekwa ndani alikabidhiwa aitunze kama mtoto, aioshe na kuipaka mafuta, akiandaliwa kwa uzazi. Kuigeuza pepo ni kuwavunjia heshima bibi zetu. Ukitaka mti unaotisha, Wamakonde wana vinyago vya shetani, viungo vimepindapinda, mtindo ambao mchongaji Samaki Likankoa anatajwa kuuanzisha miaka ya 1950. Nenda soko la vinyago la Mwenge, hapa Dar, ukavitazame.

Kwamba mchezo wenyewe ni ibada ya shetani ni uvumi uliovuma Marekani miaka ya 1980. Mezani kuna karatasi, penseli na dadu za pande 20.

La mwisho ni kudhani kwamba ukizidisha kutisha ndiyo umechezesha vizuri. Kabla ya kuanza, muulize kila mtu pembeni ni jambo gani hataki likutwe humo dukani. Mzazi aliyefiwa asikutanishwe na mdoli anayelia "mama" bila kuambiwa.