Vumbi la Maweni linapelekwa kwa nani? Mtaa, kata na chama katika jiji la viwanda

Tulikuwa Maweni, kata mojawapo ya Jiji la Tanga, kwenye moja ya mikutano yetu ya elimu ya uraia, viti vimepangwa chini ya mwembe. Mzee mmoja aliyestaafu kazi ya machimbo akasimama, akapitisha kiganja juu ya meza ya plastiki iliyokuwa mbele yake, kisha akakinyanyua watu wote wakione. Kilikuwa cheupe kama cha mtu aliyeshika unga.

“Mwanangu,” akaniambia, “hili vumbi nimelipeleka kwa balozi wa nyumba kumi mara tatu. Kila nikienda ananiambia atalifikisha. Mwaka wa pili huu. Nyinyi mliosoma mambo haya, hebu niambieni, linapelekwa kwa nani?”

Nimefundisha masuala ya serikali za mitaa kwa miaka mingi, na bado sijakutana na swali linalogusa siasa za Tanga kuliko hilo. Watu wa jiji hili wanapiga kura na wanajua vyama. Barazani Ngamiani utasikia uchambuzi wa wagombea mpaka kahawa inaisha kwenye birika. Kinachopotea ni njia. Malalamiko ya halali yanagonga mlango usiokuwa wake, yanakaa hapo mpaka yanaoza, na mwenye nayo anarudi nyumbani akiamini serikali imemkataa, kumbe serikali haijawahi kuyasikia.

Nianze na balozi, maana ndipo wengi wanapopotelea. Mfumo wa nyumba kumi ulijengwa na TANU katika miaka ya 1960. Nchi ilipokuwa ya chama kimoja, chama na serikali vilikuwa nyumba moja, na balozi alikuwa sauti ya vyote viwili. Vyama vingi viliporuhusiwa kisheria mwaka 1992, mambo hayo yalitenganishwa. Tangu hapo balozi ni kiongozi wa shina, yaani ngazi ya chini kabisa, la CCM. Ni jirani mwema, anajua nani kafiwa na nani kahamia, anapatanisha wanandoa, na sina neno baya juu yake. Ila hana kiti katika serikali ya mtaa, hana ofisi ya umma, na hakuna sheria inayomlazimu kupokea lalamiko lako wala kulijibu. Mwanachama wa chama kingine anayeishi nyumba ya pili hapaswi kupita kwake ili apate huduma, na mwana-CCM naye hapaswi kudhani kwamba akishamwambia balozi ameshaiambia serikali.

Mlango wa kwanza wa serikali ni mtaa. Mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wa kamati yake tuliwachagua tarehe 27 Novemba 2024, katika uchaguzi uliosimamiwa na Ofisi ya Rais, TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Mwenyekiti hana mshahara, anapata posho. Anayeajiriwa ni mtendaji wa mtaa. Lakini ni mwenyekiti anayeongoza mkutano wa wakazi, na mkutano huo hauulizi kadi ya chama. Ukishakuwa mkazi mtu mzima wa mtaa huo, una haki ya kusimama na kusema, na uliyoyasema yanapaswa kuingia kwenye muhtasari.

Hapa nitoe tahadhari moja, kwa sababu iliwaliza watu. Siku hiyo ya Novemba, mama mmoja wa Duga alifika kituoni na kadi yake ya mpiga kura, ameitunza tangu 2015 kwenye mfuko wa nailoni pamoja na cheti cha ndoa. Jina lake halikuwepo. Aliondoka akilia, akiamini amefutwa. Hakufutwa. Kadi ile ni ya Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, ambalo liko chini ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi na linatumika kumchagua Rais, mbunge na diwani. Uchaguzi wa mtaa una orodha yake, inayoandikwa upya kila mara; kwa uchaguzi ule watu waliandikishwa kati ya tarehe 11 na 20 Oktoba 2024, na asiyeandikwa siku hizo kumi hakupiga kura, hata kama ana kadi tatu. Uchaguzi wa mitaa ujao utakuwa mwaka 2029 na wa diwani 2030. Ni chaguzi mbili, orodha mbili, wasimamizi wawili. Mwambie na jirani.

Mlango wa pili ni kata, na diwani ndiye mwenye ufunguo wake. Jiji la Tanga lina kata 27, na hazifanani hata kidogo. Maweni na Pongwe zimekalia mawe ya chokaa yanayolisha saruji na chokaa. Chongoleani, kata ya wavuvi, ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima nchini Uganda, urefu wa kilomita 1,443. Kata za Ngamiani ni biashara na makazi yaliyobanana katika zile barabara zenye namba. Kila kata ina diwani mmoja. Diwani ni mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Wenyeviti wa mitaa yote ya kata hiyo ni wajumbe, na mtendaji wa kata ni katibu. Mambo yaliyopitishwa na mitaa hukutana hapo, na kutoka hapo ndipo yanapoweza kupanda hadi Baraza la Madiwani.

Sasa niseme kwa nini diwani wa jiji la viwanda ana uzito kuliko watu wanavyodhani. Lori la saruji likitoka getini, kodi kubwa kubwa, yaani ya ongezeko la thamani na ya mapato ya kampuni, huenda Mamlaka ya Mapato (TRA) na kuingia mfuko wa taifa. Kinachobaki kwa halmashauri ni kidogo, lakini ni chake: ushuru wa huduma, unaotozwa kwa mujibu wa Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa. Kiwango kilichozoeleka kwa miaka mingi kilikuwa asilimia 0.3 ya mauzo. Piga hesabu mwenyewe: kampuni yenye mauzo ya shilingi bilioni 10 kwa mwaka, kwa kiwango hicho, ililipa shilingi milioni 30. Ukiwa na viwanda, maghala, mabenki, kampuni za simu na wakala wa meli waliozunguka bandari, fedha hizo zinajaa kibaba. Na katika mapato ya ndani ya halmashauri, sheria inataka asilimia 10 itengwe kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 baada ya kasoro nyingi za usimamizi, kisha ikarejeshwa 2024.

Kwa hiyo kikundi cha akina mama wa Makorora kinachosubiri mkopo wa kununua jokofu la samaki kina uhusiano wa moja kwa moja na swali kavu kama hili: je, kiwanda fulani kimetangaza mauzo yake sawasawa? Anayepaswa kuliuliza ni diwani kwenye kamati ya fedha. Anapaswa kumwuliza mweka hazina nani kalipa, nani anadaiwa, na kampuni yenye makao makuu Dar es Salaam imelipia huko au imelipia hapa ilipo kazi yenyewe. Nimekaa kwenye vikao vya halmashauri kadhaa nchini, nikaona taarifa ya mapato ya robo mwaka ikipita kwa dakika chache na madiwani wakiwahi agenda ya posho. Inaniuma kuliko ninavyoweza kueleza, kwa sababu najua ni zahanati ngapi za mitaa hukosa paa kwa ajili ya dakika hizo.

Kuna na mlango mwingine ambao wakazi wa maeneo ya machimbo karibu hawaujui kabisa. Sheria ya Madini, baada ya marekebisho ya mwaka 2017, inamtaka mwenye haki ya uchimbaji aandae kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii inayomzunguka, na mpango huo ukubaliwe na halmashauri kwa kufuata vipaumbele vyake. Mawe ya chokaa ni madini. Maana yake madawati na kisima vinavyoletwa kwa shangwe na picha si sadaka. Vilipaswa kuwa vimeombwa, vimejadiliwa, vimepangiwa gharama na kukaguliwa. Mtaa usiopeleka vipaumbele vyake kwenye kata utapewa kilichomfurahisha mwingine. Maweni wanahitaji njia ya malori iliyomwagiwa maji. Wakipewa jezi za mpira watashukuru kwa adabu, lakini kikohozi kitaendelea.

Vyama vinaingia wapi katika yote haya? Vinaingia tangu mlangoni. Kwa sheria zetu hakuna mgombea binafsi. Anayetaka udiwani lazima adhaminiwe na chama. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua Juni 2013, katika shauri ambalo Mchungaji Christopher Mtikila alikuwa mmoja wa walalamikaji, kwamba katazo hilo linakiuka haki ya raia, lakini sheria haijabadilishwa. Tena diwani akipoteza uanachama wa chama chake anapoteza na kiti. Kwa hiyo diwani ana mabwana wawili, wapiga kura waliompigia na chama kilichomdhamini. Kabla ya baraza, madiwani wa chama hukaa kikao chao na kukubaliana msimamo. Hilo si kosa; chama kisicho na msimamo ni kundi tu la watu. Linakuwa kosa pale msimamo unapofunga mdomo wa diwani wa Pongwe asiseme habari za vumbi la Pongwe.

Pia ifahamike kwamba pale ambapo chama kimoja kina nguvu sana, uchaguzi wenyewe hufanyika mapema, kwenye kura za maoni za ndani. Wenye kadi wachache wanaamua, na sisi wengine tunathibitisha. Kama una kadi ya chama na hukwenda kwenye kura za maoni za kata yako, umemwachia mwingine nafasi iliyokuwa na uzito kuliko ile ya uchaguzi mkuu wa Oktoba.

Tanga inajua pia upande wa pili, wa vyama kulingana nguvu. Mwaka 2015 jimbo la Tanga Mjini lilikwenda CUF, na barazani idadi ya madiwani wa CUF na wa CCM ikakaribiana. Meya huchaguliwa na madiwani wenyewe kwa kura ya siri, na uchaguzi huo ukazaa mgogoro: waliotangazwa wakajiona washindi halali, wengine wakakataa kumtambua meya, na baraza likakosa utulivu kwa miezi kadhaa. Sina nia ya kufufua nani alikuwa sahihi. Ninachotaka msomaji akione ni kwamba baraza likikwama, vijana hawakopeshwi na mipango ya ardhi haipiti, iwe wanaishi kata ya kijani au ya rangi nyingine.

Najua pia wapo watakaoniambia: baada ya tarehe 29 Oktoba 2025 unatufundisha nini? Walishuhudia uchaguzi ambao CHADEMA haikuwemo kwenye karatasi, wakaona maandamano, intaneti ikazimwa, na watu wakapoteza maisha katika miji mbalimbali ya nchi yetu. Siwezi kuliita jeraha hilo mkwaruzo. Nasema hili tu: waliokaa kwenye viti vya baraza leo, kwa njia yoyote waliyofikia hapo, wanashika fedha zako na ardhi yako, na sheria inayowataka wakae hadharani haikuzimwa pamoja na intaneti.

Na kukosa baraza kabisa tumeshakuonja. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilivunjwa kwa mpango wa madaraka mikoani. Miji ikabaki haina mwenyewe: taka, mifereji, barabara, kila kitu kikasubiri uamuzi wa watu walioteuliwa. Hali ikawa mbaya kiasi kwamba halmashauri za miji zilirudishwa mwaka 1978, kabla hata ya zile za wilaya kurejea katikati ya miaka ya 1980. Leo ibara za 145 na 146 za Katiba zinazitambua na kusema lengo lake ni kupeleka madaraka kwa wananchi.

Nirudi kwa mzee wa Maweni. Tulimweleza hivi. Vumbi liingie kwanza kwenye mkutano wa mtaa, liandikwe kwenye muhtasari kwa siku na saa linapozidi, na nyumba zinazoathirika zitajwe. Muhtasari uende kwa mtendaji wa kata ili uwe agenda ya Kamati ya Maendeleo ya Kata. Wakati huohuo iandikwe barua kwa Mkurugenzi wa Jiji, yeye akiwa katibu wa baraza na mwajiri wa afisa mazingira anayetajwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na nakala iende NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Diwani apewe nakala mkononi, mbele ya mashahidi, na aulizwe ataisoma kikao kipi. Baraza la kawaida hukaa kila robo mwaka, na mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza; haruhusiwi kuchangia, lakini diwani anayejua kwamba wazee wanne wa kata yake wamekaa nyuma anazungumza tofauti.

Mzee akauliza kama barua hiyo apitishie kwa balozi. Tukamwambia balozi akitaka atie saini kama mkazi, maana vumbi linaingia na kwake. Barua yenyewe aipeleke kwenye masijala, dirisha la kupokea barua za ofisi, akiwa na nakala mbili, na asiondoke dirishani mpaka ile anayobaki nayo igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.