Hapana, Sungura Wako Hajawakataa Watoto

"Daktari, sungura wangu amezaa jana na hataki kunyonyesha. Amekaa kona ile nyingine, hata hawaangalii." Simu hii hunifikia kutoka mitaa ya Nairobi, Umoja, Kasarani, Lang'ata, kwa mwenye sungura mmoja wa kuchezewa na watoto kwenye baraza ya ghorofa ya nne na hata kwa mfugaji mwenye safu nzima ya vizimba. Nami huuliza swali moja: umewaangalia matumbo? Kimya. Kisha nasikia kwamba tayari wamehamishiwa kwenye katoni sebuleni, maziwa ya pakiti yamechemshwa, na shemeji ametumwa duka la dawa kununua sindano ya kuwanyweshea.

Nimechoka kuzika watoto wa sungura waliouawa kwa huruma, kwa hiyo hili nitalieleza polepole.

Sungura si paka. Halali na watoto wake, hawalambi kutwa, wala haketi kando ya kiota akilinda. Huingia, husimama juu yao, hunyonyesha kwa dakika 3 hadi 5, kisha huondoka. Hufanya hivyo mara moja, pengine mara mbili, katika saa 24, na mara nyingi ni usiku au alfajiri, wewe ukiwa umelala fofofo. Sungura wa kufugwa ametokana na wale wa mwituni wa Ulaya, ambao mama huzaa shimoni, hufukia mlango na kwenda zake ili mbweha asifuate harufu mpaka kwa watoto. Huyo wako aliyekaa kona ya mbali anafanya kazi yake barabara. Mlo mmoja unawatosha kwa sababu maziwa yake ni mazito: mafuta ni zaidi ya asilimia 10, ilhali ya ng'ombe hayafiki 5, na protini ni zaidi ya mara tatu.

Sasa hayo matumbo. Asubuhi nawa mikono, mtoe mama umpe majani, halafu funua manyoya ya kiota. Mtoto aliyenyonya ana tumbo la mviringo, ngozi imekaza, na kwa kuwa bado hana manyoya utaona maziwa yenyewe kama utepe mweupe chini ya mbavu. Mwenye njaa amekunjamana ngozi, tumbo limebonyea, na ukimgusa anarukaruka akitafuta chuchu kwenye kidole chako. Ukiwa na mzani wa jikoni unaosoma gramu, wapime kila asubuhi. Baada ya wiki moja uzito huwa umekaribia mara mbili ya ule wa kuzaliwa. Mzani huo utakutuliza moyo kuliko mimi.

Na kama kweli matumbo ni matupu siku nzima imepita? Bado maziwa ya ng'ombe si jibu la kwanza. Mwingize mama kwenye sanduku la kuzalia, mfunikie dakika tano. Akikataa, mpakate, mshike kwa utulivu, uwaweke watoto kwenye chuchu wenyewe. Hutahitaji kuwafundisha: mwaka 2003 watafiti nchini Ufaransa walionyesha kuwa maziwa ya sungura yana harufu yake inayomvuta mtoto moja kwa moja mpaka kwenye chuchu. Sindano haina harufu hiyo. Inachofanya mara nyingi ni kusukuma maziwa mapafuni, na mtoto anakufa kesho yake huku mama akilaumiwa. Kama jirani ana sungura aliyezaa siku hizo hizo, mwombe sungura wake awalee. Na kama chuchu ni nyekundu, ngumu na zina moto, hiyo ni kazi ya daktari siku hiyo hiyo. Ile dawa ya amoksilini ya mtoto wako iliyobaki kabatini iache huko. Sungura akiinywa, bakteria wazuri wa utumbo hufa, naye huwafuata.

"Ukiwagusa, mama atawala." Hii ndiyo inayowafanya watu wasifunue kiota mpaka harufu ya maiti iwaite. Sungura wa nyumbani anaijua harufu yako. Wewe ndiwe unayemlisha. Usiende tu na mikono iliyotoka kumshika mbwa. Aliyekufa lazima atolewe. Aliyeanguka nje ya kiota lazima arudishwe na wewe, maana mama hambebi kwa mdomo. Katika baridi ya Julai ya Nairobi, mtoto uchi kwenye waya wa kizimba hupoa haraka, analegea na kuonekana amekufa. Mpashe joto kifuani kwanza kabla ya kumtupa. Wengine huamka.

Kuhusu kula watoto, nina ugomvi na msemo mwingine: "Sungura hanywi maji, sukuma wiki inamtosha." Nani aliwaambia? Mama anayenyonyesha anaweza kumaliza lita nzima kwa siku, na akikosa maji, maziwa hupungua na yeye huchanganyikiwa. Ndipo balaa hutokea, hasa kwa uzao wa kwanza. Mpe bakuli zito asilolipindua. Watoto wakipotea bila alama, kabla ya kumwita mama muuaji tafuta tundu la panya, na mulika chini kuona kama siafu wamepita. Miguu ya kizimba iwekwe ndani ya makopo yenye oili chafu. Ujanja wa zamani, na bado sijaona ulioushinda.

Karoti ni peremende. Chakula ni nyasi kavu, ile Boma Rhodes ya agroveti, usiku na mchana, na peleti kwa mama. Watoto hufungua macho siku ya 10 hadi 12, huanza kudokoa wiki ya tatu, na hao wanaouzwa sokoni wakiwa na wiki nne wameachishwa mapema mno. Wiki sita ndio mwanzo. Mimi husema nane.

La mwisho ni dume. "Akinyonyesha hashiki mimba." Anashika, tena saa chache tu baada ya kuzaa, kwa sababu kupandwa kwenyewe ndiko kunakoachilia mayai yake. Mimba ni siku 31 hivi, kwa hiyo uzao wa pili utafika wale wa kwanza wakiwa bado wananyonya. Mtoe dume unapoweka sanduku la kuzalia, siku ya 28 ya mimba. Kama unataka waishi pamoja, ahasiwe, lakini asirudishwe siku hiyo: hubaki na mbegu hai kwa wiki nne hadi sita.