Mimea ya kuingiza hewa kwenye bwawa la bustani, kwa maji yetu magumu ya Kigoma

Miezi miwili iliyopita mama mmoja wa Gungu alinipigia simu saa kumi na mbili asubuhi, nje bado giza. Nikamwamkia, akaitikia harakaharaka: "Marahaba mwanangu, njoo uone, samaki wanahema." Nilipofika jua limeshapanda juu ya vilima na samaki wameanza kutulia, ila wawili walikuwa wanaelea. Bwawa lenyewe ni zuri, la zege, mita tatu kwa mbili, chini ya mwembe. Ndani yake kulikuwa na mafungu kumi ya mmea wenye majani kama manyoya, ameuagiza kutoka Dar es Salaam baada ya kuambiwa kwamba unatoa oksijeni. Nikanyanyua fungu moja. Shina limelainika kama mchicha uliokaa sana jikoni, majani yakabaki kwenye vidole vyangu.

Ule ni mmea unaoitwa Cabomba, na hauna ubaya wowote kwao. Umezoea maji laini yenye asidi kidogo. Hapa mjini maji ya bomba yanatoka ziwani, na Ziwa Tanganyika lina magadi na madini mengi, ndiyo maana maji yake yanaitwa magumu. pH yake, yaani kipimo cha asidi (7 ni katikati, juu ya hapo ni magadi), inakaribia 9.

Wengi wanadhani maji magumu huudhuru mmea kwa sababu ya chokaa yenyewe. Shida hasa ni chakula. Mmea wa majini hutengeneza chakula chake kwa mwanga wa jua na hewa ya ukaa, kama mhindi wa shambani, na katika kazi hiyo ndipo oksijeni hutoka. Lakini pH ikishafika 9, hewa ya ukaa iliyo huru majini haifiki hata sehemu moja katika mia ya kaboni yote iliyomo. Karibu yote imegeuka bikaboneti, umbo lingine la kaboni iliyoyeyuka majini. Kwa hiyo mmea usioweza kula bikaboneti unakaa katikati ya chakula na njaa inauua. Ukiisha kufa unaoza, na kuoza kunakula oksijeni ileile uliyokuwa unaitafuta.

Ndiyo maana mteja akiniuliza mmea gani ni bora, swali langu la kwanza ni kama mmea huo unakula bikaboneti. Jibu la karibu zaidi liko ziwani kwetu. Kinachoishi kwenye ghuba zilizotulia kimeshafaulu mtihani huo miaka mingi kabla yetu.

Ninaoupenda kuliko yote ni Ceratophyllum demersum. Hauna mizizi kabisa. Majani yake magumu kidogo yamezunguka shina kama brashi ya kuoshea chupa, na unakula moja kwa moja kutoka majini, pamoja na amonia inayotoka kwenye kinyesi cha samaki. Hilo la amonia nalitilia mkazo kwa sababu ya pH yetu. Kwenye pH 7 sehemu ya amonia iliyo sumu haifiki moja kwa mia. Kwenye pH 9, kwa joto la maji yetu, inazidi theluthi. Chakula cha samaki kilichobaki nacho huoza na kutoa amonia; kwingine kingechafua maji tu, hapa kinaua.

Wa pili ni Vallisneria, wenye majani marefu kama utepe. Huo unataka mchanga, nao ukishashika unatambaa chini kwa chini na kutoa watoto. Usifukie shingo yake, utaoza. Potamogeton nao unafaa sana kwa wenye bwawa lenye kina.

Hydrilla inaota vizuri mno. Kila kipande kinachokatika kinakuwa mmea mpya, kwa hiyo mimi siupandi bustanini. Gugu maji siligusi kabisa: linaziba mwanga usifike chini, na tumeona lilivyolitesa Ziwa Victoria tangu miaka ya 1990. Hata ile Cabomba iliyokufa tuliianika juani hadi ikakauka, hatukuitupa mferejini.

Ukienda kuchukua mimea ziwani, nje ya Hifadhi ya Gombe, vaa mabuti na glavu. Konokono wanaobeba kichocho wanapenda sana kujificha kwenye mimea ya namna hii. Geuza kila jani, tafuta vitonge vya mayai vinavyoteleza kama ute, vitoe. Kisha weka mimea kwenye ndoo peke yake wiki tatu au nne, ukiikagua, kabla haijaingia bwawani. Huu ni uvumilivu ambao watu hawana, na watoto ndio wanaochezea maji.

Bwawa la zege jipya ni habari nyingine. Saruji inatoa chokaa na kupandisha pH kuliko hata ziwa, na hapo hakuna mmea utakaopona. Jaza, acha wiki, mwaga, jaza tena. Rudia mpaka karatasi ya kupimia ionyeshe 9 au chini yake. Mama yule alikuwa amejaza mara moja tu.

Na usiku? Giza likiingia mimea yote inaacha kutoa oksijeni, lakini inaendelea kuitumia, sawa na samaki. Maji ya nyuzi 26 kwenye mwinuko wa mita 770 hivi kama hapa kwetu hayabebi hata miligramu 8 za oksijeni kwa lita. Akiba ni ndogo, na kabla ya mapambazuko ndiyo inaisha. Mimea ikijaa bwawa zima, alfajiri utaona samaki wakihema ingawa mimea yenyewe ni mizima. Mimi naacha nusu ya maji wazi, na samaki wakiwa wengi naongeza pampu ndogo ya kurusha maji usiku. Halafu uliza samaki wako ni wa aina gani, maana kuna perege wanaokula majani, watakumalizia kila kitu kwa wiki.

Kwa yule mama tulibadilisha maji mara tatu, tukapanda Vallisneria pembeni, Potamogeton katikati na mafungu manne ya Ceratophyllum. Wiki iliyopita akanipigia tena, safari hii saa nne asubuhi. Majani ya Potamogeton yameingia vumbi jeupe juu, ameanza kuyasugua kwa kitambaa. Nikaenda. Nilipitisha kidole gumba: upande wa juu unakwaruza kama msasa, upande wa chini laini. Nikamkamulia tone la ndimu juu ya jani, likachemka vipovu vidogo.

"Chokaa hiyo, mama. Jani likila bikaboneti, chokaa inabaki mgongoni."

Akakitazama kitambaa chake, akakianika kwenye tawi la mwembe.