Ngome ya kisiasa: kura za Malindi na Lamu

Ngome ya kisiasa ni eneo ambalo chama au mgombea mmoja huzoa kura nyingi uchaguzi baada ya uchaguzi, hata watu wakamjua mshindi kabla debe halijafunguliwa. Nchini Kenya husemwa zaidi kuhusu kura ya urais. Kaunti zote sita za Pwani zilimpa Raila Odinga kura nyingi kuliko mpinzani wake mwaka 2013, 2017 na 2022, ndipo Pwani ikaitwa ngome ya chama chake, ODM.

Wengi hudhani ngome ni mahali ambapo watu wameridhika na viongozi wao. Ukikaa na watu Malindi utasikia mengine kabisa: ardhi isiyo na hati, maji, kazi za vijana, na mheshimiwa anayeonekana msimu wa kampeni tu. Wanaolalamika hivyo ndio hao hao waliokipigia kura chama kile kile mara tatu. Kilichowafunga ni historia. Katika ukanda wa maili kumi kando ya bahari kuna familia zilizolima shamba moja kwa vizazi na hadi leo zinaitwa maskwota, yaani wakaao kwenye ardhi isiyo yao kisheria. Mwaka 2007 ODM ilipozungumzia ugatuzi, yaani maeneo kupewa madaraka ya kujiendesha, ambao Wapwani wengi waliuita majimbo, ilikuwa imegusa dai la tangu kabla ya uhuru. Chama kikawa ndicho sauti ya dai hilo, na mtu haachi dai lake kwa sababu tu mbunge wake ni mvivu.

Tazama kura za Kilifi, kaunti ambamo Malindi imo. Mwaka 2017 Gideon Mung'aro aligombea ugavana kwa tiketi ya chama cha Jubilee, akashindwa na Amason Kingi wa ODM. Mwaka 2022 Mung'aro akarudi na tiketi ya ODM, akashinda. Kingi naye alikuwa ameshatoka ODM na kuongoza chama chake cha PAA, lakini kura ya ugavana haikumfuata. Aisha Jumwa, aliyekuwa mbunge wa Malindi kwa ODM, aligombea kiti hicho hicho cha ugavana kupitia chama cha UDA, naye akaangushwa.

Ngome ina gharama, na mimi naona hapa ndipo Wapwani tunapoumia zaidi. Katiba inamtaka rais apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau asilimia 25 katika kaunti zisizopungua 24. Mgombea anapopiga hesabu zake, ngome huiweka upande wa kura ambazo tayari anazo. Nguvu, fedha na ahadi nzito anazipeleka kwa wale ambao bado hawajaamua. Mpinzani wake naye haoni faida ya kuhangaika huko. Eneo linaweza kuwa aminifu na likasahauliwa na pande zote mbili.

Lamu si ngome kwa maana hiyo. Kwenye visiwa na pwani ya kaskazini, Faza hadi Kiunga, ni Wabajuni. Mpeketoni kuna familia za kutoka bara zilizopewa ardhi na serikali miaka ya 1970. Kura ya urais hugawanyika, na ODM haipati pale wingi inaoupata Kilifi. Kiti cha ugavana kilichukuliwa na vyama vitatu tofauti: UDF mwaka 2013, Jubilee 2017, ANC 2022. Huko mtu, ukoo na mtaa huwa na uzito kuliko rangi ya chama.

Je, kugawanyika huko kumewafaa? Mradi wa bandari ya Lamu ulizinduliwa mwaka 2012 na gati ya kwanza ikafunguliwa 2021. Wavuvi wapatao 4,600 walioharibiwa riziki yao ilibidi waende Mahakama Kuu ya Malindi, ambayo mwaka 2018 iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.76. Kura zao hazikuwapatia hukumu hiyo.

Kuvunjika moyo kwa hiyo hakuonekani katika jina la mshindi. Kunaonekana kwanza kwa wanaobaki nyumbani: waliojitokeza kote nchini walikuwa takriban asilimia 86 mwaka 2013, wakashuka hadi karibu 65 mwaka 2022, na Mombasa hata nusu haikufika. Kisha kunaonekana katika viti vya chini. Mwaka 2019, wadi ya Ganda, ndani ya Malindi yenyewe, ilifanya uchaguzi mdogo na kumchagua Reuben Katana, mgombea huru, mbele ya mgombea wa ODM. Ukisoma kura ya urais peke yake, Ganda hutaiona.

Penye ngome, uchaguzi wenyewe hasa ni mchujo wa chama. Atakayepata tiketi amekwisha kupata nusu ya kiti, ilhali mchujo hupigiwa kura na watu wachache kuliko uchaguzi mkuu, na mara nyingine tiketi hutolewa moja kwa moja bila kura yoyote. Sheria ya vyama iliyorekebishwa mwaka 2022 inataka mchujo wa moja kwa moja upigiwe kura na wanachama waliosajiliwa. Mtu wa Malindi aliyechoka na mbunge wake lakini hataki kukiacha chama ana njia hiyo: jina lake liwe katika orodha ya wanachama kabla ya mchujo wa 2027.